Je, mchezo wa video unaweza kumfundisha mtoto wa Lubumbashi kula vizuri?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu wazazi, walimu wenzangu na ninyi nyote wenye ujuzi wa mambo haya, nawasalimu.

Ninafundisha darasa la nne katika shule moja ya Katuba, na kila Jumatano alasiri ninaongoza kikundi cha watoto thelathini wenye umri wa miaka 8 hadi 11. Mwezi uliopita mfadhili mmoja alituletea tableti sita zilizokwisha kuwekwa michezo ya kufundishia, mmojawapo ukiwa wa lishe na wenye sauti ya Kiswahili. Nilifurahi kweli, kwa sababu somo la lishe katika madaftari yetu ni mchoro wa makundi matatu ya vyakula, ambao watoto huukariri kwa ajili ya mtihani na kuusahau kabla hawajavuka mlango wa shule.

Mchezo wenyewe ni mwepesi: vyakula vinapita kwenye kioo, sauti inataja kundi, na mtoto anavuta kwa kidole kile kinachofaa. Sauti ikasema, "Weka mboga ndani ya kikapu." Binti mmoja, ambaye darasani ni nadra kuisikia sauti yake, akamvuta samaki, kifaa kikalia kwa ukali na alama nyekundu ikatokea. Akavuta maharage, ikawa vilevile. Akanigeukia akauliza, "Mwalimu, samaki haiko mboga?" Sikuwa na jibu la haraka, maana kwao, kama kwangu, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na bukari (ugali wetu), iwe samaki aina ya thomson, maharage, vinkubala (viwavi) au lengalenga (mchicha). Mtungaji alikuwa akifikiria mboga za majani peke yake. Tena jani lililobaki kwenye kioo lilikuwa brokoli, ambayo hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuiona, na wawili watatu waliiita mti.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi. Mvulana aliyewashinda wote kwa pointi alikuwa akicheza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeshika pakiti ya biskuti. Kila alipopata nyota kwa kuchagua papai, alitia biskuti nyingine mdomoni, bila hila yoyote, kama mtu anayefanya kazi mbili zisizohusiana. Nilimwacha amalize ili nione.

Maswali yangu ni haya. Je, michezo ya aina hii imewahi kupimwa mahali popote kwa uangalifu, na ikiwa imepimwa, ilibadilisha chakula kilichoingia tumboni au maneno ya mdomoni tu? Na sisi wenye tableti sita na umeme wa kubahatisha, tuutumie mchezo huu jinsi ulivyo, tuuache, au tutunge wetu?

Muuguzi wa lishe, Ruashi

Mwalimu, salamu. Swali lako la kwanza lina majibu, na nitayaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu watu wengi huuza michezo hii kwa maneno matamu, na wengine huidharau bila kujua.

Kazi inayotajwa sana ilifanywa Houston, Marekani, na watafiti wa lishe ya watoto wa Baylor College of Medicine. Mwaka 2003 walitangaza matokeo ya mchezo uitwao Squire's Quest!, ambao ulijaribiwa katika shule 26 kwa watoto 1,578 wa darasa la nne, umri ule ule wa watoto wako. Mtoto alikuwa kijana anayetaka kuwa shujaa wa mfalme, katika nchi ambayo mashamba yake ya matunda na mboga yamevamiwa na maadui. Vipindi vilikuwa 10, kila kimoja kama dakika 25, kwa wiki 5. Watoto waliocheza waliongeza takriban kipimo kimoja cha matunda, juisi au mboga za majani kwa siku kuliko wale ambao hawakucheza. (Juisi iliyohesabiwa huko ni ya tunda lenyewe, asije mtu akadhani inafanana na ile nyekundu ya sacheti.) Mwaka 2011 walitangaza matokeo ya michezo miwili mikubwa zaidi, Escape from Diab na Nanoswarm, kwa watoto 133 wa miaka 10 hadi 12. Ongezeko la matunda na mboga lilikuwa kipimo 0.67 kwa siku, lakini unywaji wa maji, mazoezi ya mwili na umbo la mwili havikubadilika.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kidogo, na kwa matunda na mboga. Ongeza tahadhari moja: katika majaribio hayo, kilichopimwa ni kile ambacho watoto wenyewe walisema wamekula siku iliyopita. Mtoto aliyefundishwa kwa wiki 5 kwamba karoti ni jambo jema huenda akaikumbuka karoti kuliko kitumbua.

Hata hivyo, tazama kwa nini ule wa kwanza ulifanikiwa zaidi ya huu wako wa kuvuta picha. Haukuishia kwenye kutaja majina. Mtoto aliandaa mapishi ndani ya mchezo, akachagua ahadi ndogo ya kutimiza nyumbani, na kipindi kilichofuata mchezo ukamuuliza kama aliitimiza na, kama hakuitimiza, nini kilimzuia. Mchezo wa kutofautisha makundi ya vyakula hupima kumbukumbu. Mvulana wako wa biskuti ana kumbukumbu nzuri sana, na ndiyo maana alishinda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani zaidi. Katika miaka ya 1990 ulitengenezwa mchezo wa mashine ya Super Nintendo uitwao Packy & Marlon, wenye tembo wawili wanaougua kisukari. Mchezaji alipaswa kuwachagulia chakula na kuwapimia insulini ili sukari yao isipande wala kushuka mno. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya watoto 59 wa miaka 8 hadi 16 wenye kisukari: kwa muda wa miezi sita, waliopewa mchezo huo nyumbani walipunguza kwa asilimia 77 safari za dharura kwa daktari zinazotokana na ugonjwa huo, wakilinganishwa na wenzao waliopewa mchezo wa kawaida. Kwa nini ulifaa hivyo? Mtoto mwenye kisukari anaamua mwenyewe, mara kadhaa kila siku, ale nini na ajipime lini. Mchezo ulifundisha uamuzi ambao tayari ulikuwa mkononi mwake.

Hapo ndipo ningekuuliza wewe, Mwalimu: watoto wako wa Katuba wanaamua nini wenyewe? Hawaamui kitakachoingia kwenye sufuria.

Lipo onyo jingine, nalo linahusu muda wa kucheza. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waliwapa watoto 270 wa miaka 8 hadi 10 michezo mifupi ya kutangaza chakula; wengine walicheza wenye picha za peremende, wengine wenye picha za matunda, wengine usio na chakula kabisa. Baadaye wote waliwekewa vyakula wale watakacho. Waliocheza wenye picha za chakula walikula zaidi, hata wale wa matunda, na walichokula zaidi ni peremende. Picha ya chakula huamsha hamu, na hamu ikishaamka hukiendea kilicho karibu, tena kitamu. Ikiwa kikundi chako hutoka moja kwa moja kwenye kioo hadi kwa muuza biskuti, huenda mchezo unamsaidia muuza biskuti.

Mama wa Mapacha, Kampemba

Mwalimu, ninaandika kama mzazi, na naomba nisieleweke kuwa napinga elimu.

Mapacha wangu wana miaka 9. Mwaka jana walikuwa wakicheza mchezo wa namna hii kwenye simu ya baba yao mdogo. Ndani yake sahani ya wanga mwingi ilikuwa ikikasirika, inakunja uso na kugeuka nyekundu. Jioni moja nimeweka bukari mezani, na sombe (kisamvu) yenye karanga, na kapenta (dagaa) kidogo. Chakula ambacho nilikitafutia fedha tangu asubuhi. Mmoja akaitazama sahani akasema, "Mama, hii iko nyekundu." Baba yao alicheka. Mimi sikucheka.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba mchezo hauna habari kwamba kuna wiki unga unapanda bei, wala kwamba sombe ile, pamoja na mawese na karanga zake, ni bora kuliko sahani nyingi za kwenye kioo. Tena uliwafundisha wanangu kuhukumu chungu cha mama yao. Mtoto akirudi nyumbani akidai zabibu, na mama hana, mtoto anadhani mama hajui. Hajui kwamba mama anajua na hana.

Kama mtatunga wa kwenu, naomba bukari isitiwe alama nyekundu. Tena tuiteni sisi kina mama mtuulize tunavyopika, kabla, si baada.

Babu wa mtaa wa Kenia, Lubumbashi

Wajukuu zangu wana vidole vyepesi na meno mabovu. Sisi tulijua embe kwa kupanda mwembe. Kwa fedha za tableti sita shule ingepata mbegu za lengalenga na matembele, majembe, na mipapai ya kutosha kuzunguka ua wote, na mtoto angekula alichokimwagilia. Nimemaliza. Lakini Muuguzi ameandika vizuri kuhusu wale tembo.

Fundi wa programu, Bukavu

Mwalimu, nami nakusalimu kutoka upande wa Kivu. Na Babu, shikamoo. Bustani na mchezo havigombani, na kama tableti zimekwisha kuja, haziwezi kugeuzwa majembe.

Miaka mitatu iliyopita nilitunga mchezo wa lishe kwa watoto wa mtaa wetu, na nitaeleza ulivyoharibika kwa sababu huenda kosa langu likakufaa kuliko ushauri wangu. Kulikuwa na dubwana lenye kula biskuti. Mchezaji akimlisha lengalenga na sambaza, samaki wetu wadogo, dubwana lilitabasamu na kupunga mkono. Akimlisha biskuti nyingi, tumbo lilivimba, macho yakatoka, na mwisho likapasuka kwa kishindo na vipande vikaruka kila upande. Nilijivunia sana kile kishindo. Nilikitengeneza usiku kucha. Basi unajua kilichotokea. Hakuna mtoto aliyemlisha lengalenga. Walipanga foleni kulipasua dubwana, na mmoja aliniuliza kama naweza kuongeza keki ili lipasuke kwa nguvu zaidi. Katika mchezo wowote, mtoto hujifunza kile chenye raha kubwa, na mimi raha yote nilikuwa nimeiweka kwenye kosa.

Kwa swali lako la kutunga: inawezekana, na si lazima uwe mtaalamu. Kuna programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo mtoto wa miaka 8 anaweza kuitumia kwa kuunganisha vipande vya amri kama matofali. Ikishawekwa kwenye kifaa haihitaji intaneti. Piga picha za vyakula vya soko lenu kwa simu yako, jinsi vilivyo, lengalenga ikiwa imefungwa fungu na kapenta ikiwa ndani ya kopo la kupimia. Na sauti zirekodiwe na kina mama wa kikundi, ili neno "mboga" liwe na maana ileile lililo nayo jikoni. Ukitaka majani, sema lengalenga, sema matembele, sema sombe. Neno la kundi zima halina haja ya kuwapo. (Kapenta yenu na sambaza yetu, kwa njia, ni ndugu: samaki wetu waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.)

Mengine ni madogo. Waweke wawili wawili kwenye kila tableti, kumi na wawili kwa zamu moja, kwa sababu wawili hawawezi kuchagua bila kubishana, na katika kubishana ndipo utasikia wanachokijua. Ondoa saa inayokimbia. Mchezo wenye saa hutuza vidole. Na usiweke pointi kubwa ndani ya kioo kabisa. Ziweke wiki inayofuata, mtoto anaporudi na kueleza alichofanya nje, hata kama alichofanya ni kushindwa.

Muuguzi wa lishe, Ruashi

Nimesoma maneno ya Mama wa Mapacha mara mbili. Ana haki, na ningependa kuyaunga mkono kwa hesabu. Michezo ya Houston ilitungwa kwa nchi ambako hofu kubwa ni unene na kisukari. Kwetu, uchunguzi wa kaya uitwao MICS, unaosaidiwa na UNICEF, ulionyesha mwaka 2017-2018 kwamba watoto takriban 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Kongo walikuwa wamedumaa. Mchezo unaomwambia mtoto wa aina hiyo apunguze chakula umekosea nyumba. Tatizo letu kubwa ni sahani ya aina moja siku baada ya siku, na hivi sasa, mjini, vitu vitamu vya bei ndogo vinavyoziba njaa bila kujenga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za matunda na mboga za majani kwa siku, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Sombe na matembele vinahesabiwa humo. Mama huyo alikuwa ameshafika mbali, na kioo hakikumwona.

Mwalimu wa Katuba

Nawashukuru nyote, na hasa Mama wa Mapacha, ambaye nimemsoma nikiwa nimekaa karibu na mke wangu, naye akasema, "Umeona?"

Swali la Muuguzi kuhusu kile ambacho watoto wanaamua wenyewe lilinikalia kichwani hadi Jumatano, nikawauliza. Nilidhani watanyamaza. Walijibu wote kwa pamoja: noti ya franka 500. Si kila mtoto huipata, wala si kila siku, lakini anayeipata huitumia mwenyewe, mlangoni mwa shule, saa ya mapumziko, bila mama, bila baba na bila mwalimu. Wengi huigawana wawili au watatu, na wanajua kwa usahihi wa kushangaza nani anauza nini, nani anaongeza karanga moja juu ya kipimo, na nani ukimpa noti iliyochanika anaikataa.

Basi huo ndio mchezo wetu. Hakutakuwa na jiko wala sahani ya nyumbani. Kutakuwa na mlango wa shule, mtoto, mwenzake, noti moja, na wauzaji: karanga, yai la kuchemsha, ndizi, kiazi kitamu, embe msimu ukifika, vitumbua, biskuti, juisi ya sacheti. Bei zitakusanywa na watoto wenyewe kila Jumatatu kwa wauzaji wa kweli, na zitabadilishwa ndani ya mchezo kadiri zinavyobadilika nje. Baada ya kununua, mchezo unaendelea hadi kipindi cha mwisho cha masomo, ambapo mchezaji ataona kama njaa imerudi mapema au la. Fundi, nimekuelewa kuhusu dubwana: atakayekula biskuti atapiga miayo tu.

Jambo moja nalihitaji kwa Muuguzi kabla hatujaanza kurekodi. Je, yai moja la kugawana wawili ni bora kuliko kipimo kizima cha karanga kwa mtu mmoja? Watoto wamegawanyika katikati kuhusu hilo, na binti yule wa samaki ndiye anayeongoza upande wa yai.

Muuguzi wa lishe, Ruashi

Mwambie binti kwamba nusu yai ni chakula kizuri, lakini kwa kushika njaa hadi masomo yaishe, kipimo kizima cha karanga kinamshinda. Mwambie pia kuna njia ya tatu ambayo hawajaitaja: noti mbili, karanga za mmoja na embe la mwenzake, wagawane vyote. Mafuta ya karanga husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye embe.

Na mwekeni ndani ya mchezo muuzaji mwenye karanga zilizoota ukungu, anayeuza kwa bei ya chini kuliko wengine. Yupo kweli, nami nataka watoto wajue kumpita bila kununua.